Kijana wa Wimbe: Kitabu Chake na Sinema Yake

Walimu wenzangu wengi wamekwisha kuitazama sinema iitwayo The Boy Who Harnessed the Wind, maana yake Kijana Aliyeutia Upepo Hatamu, iliyotoka mwaka 2019. Waliokisoma kitabu chenye jina lilo hilo, kilichopigwa chapa miaka 10 kabla yake, ni wachache zaidi. Mimi ni mmoja wa wale walioanza na sinema. Niliitazama nyumbani kwa mwalimu mwenzangu, nikaipenda, nikaazima kompyuta yake, nikawaonyesha wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili siku ya Jumamosi. Walipiga makofi maji yalipotoka katika bomba. Baadaye nilikipata kitabu, nikakisoma kwa siku 4, na nilipokimaliza nikaona ya kuwa yako mambo niliyowaonyesha wanafunzi wale ambayo yanipasa kuyarudia na kuyasahihisha. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika kurasa hizi.

Kwa ajili ya wale wasiojua habari yenyewe, nitaieleza kwa ufupi. William Kamkwamba alizaliwa mwaka 1987 katika nchi ya Malawi, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Nyasaland hata mwaka 1964. Alikulia katika kijiji cha Masitala, karibu na Wimbe, wilaya ya Kasungu. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi na tumbaku. Mwishoni mwa mwaka 2001 njaa kubwa ilishuka juu ya nchi, na mwanzoni mwa mwaka 2002, kijana alipokuwa na umri wa miaka 14, ndipo alipoanza sekondari. Akarudishwa nyumbani baada ya majuma machache tu kwa kuwa baba yake hakuwa na karo. Akiwa nyumbani alisoma vitabu vya maktaba, na kwa maarifa aliyoyapata humo, pamoja na vyuma chakavu, akajenga mtambo wa upepo uliotoa umeme. Kitabu alikiandika pamoja na Bryan Mealer, mwandishi wa habari wa Marekani. Sinema aliitunga na kuiongoza Chiwetel Ejiofor, mchezaji mashuhuri wa Uingereza ambaye wazazi wake ni watu wa Nigeria. Yeye mwenyewe ndiye achezaye sehemu ya baba. Sehemu ya kijana achezaye ni Maxwell Simba, mtoto wa Kenya. Maneno mengi humo ni Kichewa, na picha zilipigwa Malawi kwenyewe. Kwa hayo sinema yastahili sifa, maana tumezoea kuona watu wa bara letu katika picha za wageni wakisema Kiingereza kibovu hata na mama zao.

Sasa nataka kusema kwa nini naihesabu habari hii kuwa ni habari ya ushirikiano wa mataifa, wala si ya kijana mmoja peke yake. Tarehe 8 Septemba 1997 wakuu wa nchi za SADC, Tanzania ikiwa mojawapo, walitia sahihi mjini Blantyre, katika Malawi hiyo hiyo, mkataba juu ya elimu na mafunzo. Mkataba ule wasema mambo mema. Wataka vyuo vikuu vya kila nchi vitenge nafasi zisizopungua 5 katika kila 100 kwa ajili ya wanafunzi wa nchi nyingine za jumuiya, tena wanafunzi hao watendewe kama wenyeji katika malipo. Sina neno baya juu ya mkataba huo. Lakini kwa mwalimu wa shule za chini ni vigumu kuusoma bila kuwaza. Malawi ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi tangu mwaka 1994, ila ya sekondari ilibaki. Miaka 4 na miezi michache baada ya sahihi zile za Blantyre, mtoto wa Kasungu alitolewa katika Kidato cha Kwanza. Nafasi yake ya chuo kikuu katika nchi za jirani ilikuwa imekwisha kutengwa. Dawati lake la kijijini ndilo lililokosekana.

Upo ushirikiano mwingine ambao haukupigiwa ngoma. Katika shule ya msingi ya Wimbe kulikuwa na maktaba ndogo, chumba kimoja tu chenye rafu chache, iliyofunguliwa na mpango wa kuwafundisha walimu uitwao Malawi Teacher Training Activity. Vitabu vilitolewa na serikali ya Marekani. Mtunzaji wake alikuwa bibi mmoja mwalimu. Kijana, aliyekuwa hana shule, alianza kwenda kuazima vitabu ili asiachwe nyuma na wenzake waliobaki darasani. Akakuta kitabu cha fizikia kiitwacho Explaining Physics, kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza, akajifunza humo habari za sumaku na za mkondo wa umeme. Kisha siku moja, akiinama kutafuta kamusi ili ajue maana ya neno moja la Kiingereza, jina la tunda tu, mkono wake ukaangukia kitabu cha shule za Marekani kiitwacho Using Energy, na juu ya jalada lake palikuwa na picha ya mitambo ya upepo. Kitabu kile kilisema ya kuwa mitambo ya namna hiyo hutoa umeme na kuvuta maji. Hakikusema jinsi ya kuijenga. Hayo mengine kijana aliyapata kwa kuunganisha kitabu hiki na kile, na picha na picha.

Hapo ndipo nilipoona kosa la kwanza la sinema, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Sinema imeihamisha maktaba. Imeiondoa katika shule ya msingi, mahali ambapo mtoto yeyote wa kijiji aliweza kuingia, ikaiweka ndani ya sekondari inayodai karo. Basi kijana akiisha kufukuzwa hana njia ya kukifikia kitabu ila kwa hila: agundua ya kuwa mwalimu wake wa sayansi ana siri na dada yake, amtisha kwa siri ile, na mwalimu ampa ruhusa ya kuingia kwa kificho. Najua ya kuwa sinema yataka mapambano, na mlango uliofungwa ni mapambano yaliyo rahisi kupigwa picha. Lakini tazama kilichopotea. Katika kitabu, mlango ulikuwa wazi. Bibi yule aliandika jina la kijana katika daftari la kuazima, bila kumwuliza stakabadhi ya karo, akampa kitabu, akamkumbusha kukirudisha. Hakufanya jambo la ajabu. Alifanya kazi yake. Nami nasema ya kuwa hakuna mtu katika habari hii yote aliyefanya jambo kubwa kuliko lile, naye katika sinema amekuwa mtu wa kupita tu.

Huenda msomaji akaona ya kuwa naichukua habari ya maktaba kwa ukali mno. Sababu yangu ni hii. Miaka iliyopita nilifundisha katika shule moja ya kata, ambayo sitaitaja. Zilitufikia katoni 11 za vitabu kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, vitabu vizuri vya sayansi na jiografia, vingine vipya kabisa. Nikapewa ufunguo wa chumba. Nilivihesabu, nikavipiga muhuri, nikaandika orodha kwa mwandiko wangu ulio safi, kisha nikafunga. Nilikuwa naogopa. Kitabu kikipotea, atakayeulizwa ni mimi. Kikikaa chumbani, orodha na vitabu vitalingana siku ya ukaguzi. Huo ulikuwa wakati wa kabla ya mwaka 2016, ada ya Kidato cha Kwanza hata cha Nne ilipokuwa haijafutwa katika shule za serikali za Tanzania. Msichana mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada alinijia siku ya gulio, amevaa kanga ya mama yake, akaniambia, "Shikamoo mwalimu, naomba kile cha biolojia chenye picha ya moyo, nitakirudisha Ijumaa." Nikamjibu ya kuwa aje jina lake litakaporudishwa katika daftari la mahudhurio. Akasema, "Haya mwalimu," akaenda zake. Jina halikurudi. Mwaka uliofuata nilipofungua chumba kwa ajili ya mkaguzi nilikuta mchwa wamekwisha kula katoni 2 za chini. Orodha yangu ilikuwa salama.

Kwa hiyo nilipoona katika sinema mlango ule umefungwa, niliutambua, wala sikushangaa. Na hiyo ndiyo hatari yake. Mwalimu mvivu au mwoga aitazamapo ataona ya kuwa kufungwa kwa maktaba ni jambo la kawaida, kama jua na mvua, na ya kuwa mtoto mwenye akili atapata njia yake. Kitabu hakimpi faraja hiyo.

Nije kwenye sayansi yenyewe. Baada ya kuwaonyesha wanafunzi sinema niliwauliza, "Gurudumu likizunguka, umeme watoka wapi?" Katika watoto 43 mmoja tu alijaribu, akasema umeme watoka katika upepo. Sikuweza kuwalaumu. Sinema yaigusa dinamo kwa haraka, kisha yakimbilia machozi ya baba na mama. Kitabu kwa upande wake kina subira ya mwalimu. Chaeleza ya kuwa ndani ya dinamo ya baisikeli mna sumaku na mna nyaya zilizozungushwa, na ya kuwa sumaku ikizunguka karibu na nyaya huusukuma umeme ndani yake. Upepo kazi yake ni kuzungusha tu. Chaonyesha jinsi kijana alivyopata feni ya trekta na shokapu katika lundo la vyuma chakavu lililokuwa karibu na shule aliyofukuzwa, jinsi alivyopasua mabomba ya plastiki na kuyanyosha juu ya moto yawe mapanga, na jinsi rafiki yake, mwana wa chifu, alivyonunua dinamo kwa fedha yake mwenyewe kwa mtu aliyekuwa akipita na baisikeli. Mapanga yaligeuza mahali pa pedali, mnyororo ukageuza gurudumu la nyuma, gurudumu likageuza dinamo. Mnara ulikuwa wa miti ya mikaratusi. Siku ile ya kwanza umeme uliwasha taa moja ndogo, na watu waliokuwa wakimcheka na kumwita mwenda wazimu wakanyamaza.

Tena kitabu hakifichi makosa. Nyaya zake alizitandika chini ya paa la nyasi. Mchwa wakaila boriti, paa likayumba usiku wa upepo, nyaya zikagusana, na nyumba ikakaribia kuungua. Baada ya hayo alitengeneza kikata-umeme kwa misumari iliyozungushiwa waya pamoja na sumaku, ili nyaya zikigusana mkondo ujikate wenyewe. Sura hiyo ningependa kila mwalimu wa fizikia aisome darasani, maana humo mtoto aona mtu aliyejenga, akakosea, akaogopa, akarudi kwenye kitabu kile kile kutafuta dawa. Katika sinema mtambo wa majaribio wafanya kazi, mtambo mkubwa wafanya kazi, na kikwazo cha pekee ni baba asiyetaka baisikeli yake ivunjwe. Baisikeli hiyo katika sinema ni ya pekee kijijini, mali ya mwisho ya nyumba. Katika kitabu ilikuwa kuukuu, yenye kutu, isiyoweza tena kupandwa. Baba alisita, wakajadiliana, akaitoa. Sijui kwa nini baba wa Kiafrika katika sinema hana budi kuwa ukuta ambao elimu yapaswa kuubomoa. Trywell Kamkwamba wa kitabu ni mtu mwenye huzuni kwa kuwa hakuweza kulipa karo, naye alimwachia mwanawe nafasi ya kuchezea vyuma wakati majirani walipokuwa wakimtaka amkomeshe.

Lililo zito zaidi ni habari ya njaa. Sinema yaunganisha mambo mawili ambayo katika kitabu yametengana. Tazamaji aondoka akiamini ya kuwa kijana alijenga mtambo, mtambo ukavuta maji, maji yakaotesha mahindi, na njaa ikaisha. Haikuwa hivyo. Njaa ilipungua mahindi mapya yalipokomaa shambani mwaka 2002, kwa mvua. Mtambo ulisimama baadaye, ukawasha taa, ukaimbisha redio, ukajaza simu za majirani waliopanga foleni. Na mambo ya kuvuta maji yalikuja nyuma yake kabisa. Sura za njaa katika kitabu ndizo zilizo bora, nazo zasomwa kwa shida. Baba ahesabu magunia machache yaliyobaki ghalani. Chakula chawa kimoja kwa siku, kisha matonge machache tu ya nsima, ndiyo ugali wetu. Watu wapita barabarani wakiomba kibarua cha kulipwa unga. Wengine wala pumba. Mama apika mikate midogo na kuiuza sokoni, na faida yake ndiyo inayolisha nyumba.

Na sababu za njaa ile zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mafuriko, kisha ukame. Mbolea ilikuwa imepanda bei isiyofikiwa na mkulima mdogo. Akiba ya nafaka ya taifa ilikuwa imeuzwa, na walipoihitaji ghala zilikuwa tupu. Hapo lazima niitendee haki sinema: haikuyafumbia macho mambo haya. Yaonyesha mkutano ambao chifu aliyethubutu kusema ukweli mbele ya rais apigwa na walinzi, jambo ambalo kitabu nacho kimelieleza. Yaonyesha watu wakigombea nafaka ya serikali. Yaonyesha miti ikikatwa kwa fedha ya tumbaku. Katika sehemu hizo Bwana Ejiofor ni mtazamaji mwenye jicho kali. Lakini akiisha kutuonyesha ya kuwa njaa ilitokana na ghala, na mbolea, na siasa, aimaliza kwa feni ya trekta. Mtu wa ng'ambo mwenye moyo mwema na fedha ya kutoa atajifunza nini hapo? Atajifunza kutuma mitambo. Hatajifunza kuuliza nafaka iliuzwa na nani.

Wala taa ile haikuhitaji kuongezewa sifa isiyo yake. Nimefundisha watoto waliosoma kwa koroboi, naijua harufu ya masizi katika madaftari yao. Nyumba ambayo usiku wake ulianza saa moja, ikapata taa isiyodai mafuta ya kununua, imepata jambo kubwa. Kwa nini lisitoshe?

Nimesema ya kuwa sinema ilimpunguza bibi wa maktaba. Yuko mtu mwingine ambaye haikumpa nafasi hata kidogo, naye ni Daktari Hartford Mchazime. Huyu alikuwa mmoja wa wakubwa wa mpango ule ule uliofungua maktaba. Mwaka 2006, miaka 4 baada ya mtambo wa kwanza kusimama, watu wa mpango walikuja Wimbe kukagua maktaba, wakauona mtambo umesimama juu ya nyumba, wakauliza ni wa nani. Wakaambiwa ya kuwa ni wa kijana aliyekuwa akiazima vitabu vyao. Daktari Mchazime akaja mwenyewe, akamsikiliza, akawaleta waandishi wa magazeti na watu wa redio, kisha akahangaika kutafuta fedha hata kijana akarudi shuleni, baada ya kukaa nje karibu miaka 5, akakaa darasani pamoja na watoto wadogo kwake. Habari za magazeti zikasomwa na vijana wa Malawi wenye kuandika katika intaneti, zikavuka mipaka, na mwezi wa Juni 2007 William Kamkwamba akapanda ndege mara ya kwanza maishani mwake kwenda Arusha, katika nchi yetu, kwenye mkutano wa TED. Alisimama mbele ya watu kwa Kiingereza cha maneno machache. Huko huko Arusha alionyeshwa intaneti, akaandika jina la mtambo wake, akaona ya kuwa dunia imejaa habari zake. Kutoka hapo alisoma katika African Leadership Academy huko Johannesburg, pamoja na vijana wa nchi nyingi za Afrika, kisha chuo cha Dartmouth huko Marekani, alikohitimu mwaka 2014. Kwa chama chake kiitwacho Moving Windmills amerudi kufanya kazi Kasungu.

Sinema yayapita haya yote kwa maandishi machache ya mwisho: alipata nafasi ya kusoma, akahitimu. Kama ningeulizwa, ningekata nusu ya ugomvi wa baisikeli niweke ujio wa wakaguzi. Vitabu vingi hutufikia kutoka nchi za mbali. Nimeona katoni zake katika shule 5 au 6. Sijapata kuona mtu arudiye baada ya miaka kadhaa kuuliza, "Nani alikisoma hiki, na alifanya nini nacho?" Kule Wimbe waliokuja walihesabu vitabu kama wakaguzi wote, kisha wakainua macho juu ya paa. Na aliyefuatilia alikuwa Mmalawi, mtu aliyejua nauli ya kutoka kijijini na karo ya muhula, wala hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtoto mwenye akili yuko nje ya shule.

Kitabu nacho kina upungufu wake, nisije nikaonekana nakisifu kwa upofu. Sura za kwanza zimejaa habari za uchawi na waganga. Sisemi si kweli. Kila mmoja wetu alizisikia hadithi kama hizo jikoni kwa bibi yake. Lakini zimerefushwa, nami naona mkono wa mtu ajuaye kinachouzika ng'ambo, ili kijana atoke katika giza zito zaidi na kuingia katika nuru nyeupe zaidi. Mara kwa mara mtungaji asimama kumweleza mgeni nsima ni nini na jinsi inavyoliwa, na msomaji wa huku kwetu hujiona kama mtu aliyekaa mezani huku wengine wakiambiwa habari zake. Na sura za mwisho zakimbia: ndege, hoteli, wafadhili, miji mikubwa, shida ya kujifunza Kiingereza cha darasani katika umri wa miaka 19, ambayo kwa mwalimu ndiyo yenye mafunzo mengi, yapewa nafasi ndogo kuliko ilivyostahili.

Juu ya lugha lipo neno moja la kitabu ambalo sijaacha kulifikiri. Kijana alipotaka kuwaeleza watu wa kijiji anajenga nini hakuwa na jina la Kichewa la kitu kile. Basi akasema magetsi a mphepo, umeme wa upepo. Mswahili hahitaji kufasiriwa mphepo. Sisi katika kamusi zetu tuna kinu cha upepo, na kinu, kama wanawake wetu wajuavyo, ni cha kutwangia. Mtambo wa Wimbe haukutwanga kitu. Mtoto wa miaka 14 aliyeelewa kinachotendeka ndani ya dinamo alitunga jina lililo sahihi kuliko letu, kwa lugha ya mama yake, baada ya kuyavuna maarifa kwa taabu katika lugha ya vitabu, huku kamusi mkononi na kidole juu ya picha. Nimewauliza wanafunzi wangu walitajeje jambo hilo kwa Kiswahili kama wangekuwa wao. Tulikaa nalo kipindi kizima, na katika kipindi kile waliuliza maswali ya umeme mengi kuliko waliyoyauliza siku ya sinema.

Kitabu ni cha Kiingereza chepesi, na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aweza kukisoma akisaidiwa. Iko pia namna yake iliyofupishwa kwa ajili ya vijana, iliyotoka mwaka 2015. Mwalimu asiye na nafasi ya kukisoma chote na aanze na sura za njaa, kisha ziletwazo na maktaba, kisha habari ya paa na misumari. Sinema nayo nitaionyesha tena muhula ujao, maana watoto waipenda na picha zake za nchi ni nzuri. Lakini safari hii nimeomba dinamo 2 za baisikeli kwa fundi wa hapa sokoni, moja nzima na moja ya kufungua, nazo zitakuwa juu ya meza kabla taa ya kompyuta haijawashwa. Chumba cha vitabu cha shule niliyopo sasa hufunguliwa Jumanne na siku ya gulio, kuanzia saa 8 mchana, na daftari la kuazima halina safu ya ada.